Tarehe ya Ajali

Fomu inauliza tarehe ya ajali.
Imeniachia visanduku vinane,
vidogo kama meno ya mtoto.

Nimwambie nini Bi Anandumi,
aliyenipa kiti, akanipa kalamu,
na sasa ananingoja
huku feni ikichezea pembe za karatasi?

Aliyepigwa risasi ana siku yake.
Watu walisikia mlio, wakalala chini,
jirani anakumbuka hata sufuria iliyokuwa jikoni.
Yangu haikulia.
Niliichota kwa upawa mrefu, nikaimimina kwenye kalibu,
ikapoa, ikawa kipande kizito chenye kung'aa,
na muhuri wa kiwanda nikaugonga mwenyewe.

Miaka sita, Unga Limited, nyuma ya ukuta wa mabati:
betri za malori, za pikipiki, za minara ya simu,
tunazipasua kwa shoka, maji yake yanatafuna viatu,
sahani zake tunazitupa tanuruni.
Moshi wake ulikuwa mtamu. Naapa.
Nilirudi nyumbani ulimi umekolea
kama mtu aliyeiba sukari.
Saa nne tukipewa maziwa, nusu lita kila mmoja.
"Yanaosha kifua," alisema msimamizi Mshighati,
yake akiyanywea nje ya geti.

Niandike siku tumbo liliponifunga,
nikajikunja sakafuni,
zahanati wakanipa dawa ya minyoo?
Au siku Ndeshi aliponiona nikipiga mswaki,
akauona ule mstari wa buluu kwenye ufizi,
tukacheka, akasema mume wangu anaota wino?

Au ile siku mwalimu alipotuita:
Naserian anasahau leo alichokijua jana.
Mama yake hakujibu. Alifika nyumbani akalitazama karai
alimozoea kufulia ovaroli yangu
na sare ya mtoto, maji yale yale, kwa kubana sabuni.
Hiyo siiandiki.
Fomu hii ina mstari wa mfanyakazi,
haina mstari wa karai.

Kiwanda kimejibu barua kwa neno moja: *hatumfahamu*.
Ni kweli, nilikuwa kibarua,
na kibarua chenyewe kimeshaota nyasi.
Lakini mkono huu, mama, utazame:
umeinama kifundoni kama jani la mgomba lililovunjika,
naunyanyua kwa mwenzake ndipo nikusalimie.

Mlango unagongwa.
Ni Eliakunda, aliyekuwa karani wetu wa malipo,
anahema kwa ngazi,
amebeba kaunta buku kwenye mfuko wa unga.
"Walisema lichomwe," anasema. "Nikasahau."

Kila jioni, shilingi elfu nane, kila jioni sahihi.
Anafungua mwanzo:
*Loishiye Lukumay*, L mbili zimesimama
kama nguzo za geti.
Anafunua. Mvua za masika, sikukuu, mwezi wa Ramadhani.
L ya kwanza inaanza kuegemea ya pili.
Anafunua. Mkia wa y unateleza,
unaingia kwenye mstari wa Nnko, unamfuta jina.
Anafunua. Herufi zinashuka ukurasa
kama ng'ombe wanaotafuta maji.
Anafunua: hakuna jina tena,
kuna dole gumba, la zambarau,
nalo limepigwa upande.

Bi Anandumi anavaa miwani.
Anarudi nyuma, anakwenda mbele, anarudi nyuma.
"Ni ipi?" ananiuliza, kwa sauti ya chini.
Nataka kumwonyesha. Kidole hakinyooki.

Anaifunika kalamu.
Visanduku vinane vinabaki vyeupe.
Anamwita kijana wa fotokopi,
anamkabidhi lile daftari kwa mikono miwili.

"Ukurasa upi, mama?"

"Zote."